Kinanda Chenye Sauti ya Mbu

Siku Asheri alipouza mbuzi wake wa pekee akanunua kinanda, kitongoji kizima kilimpongeza kwa njia kinayoijua kuliko zote: kilimcheka mpaka kikashika mbavu.

Kitongoji chenyewe kiko juu kabisa ya Vudee, kimening'inia mlimani kama shati kwenye msumari. Ukidondosha boga huko, kalitafute Makanya, kule tambarare. Watu wake wana akili nyingi na habari chache, kwa hiyo kijana aliyeshuka Same na mbuzi akarudi na boksi refu alikuwa habari ya kutosha wiki nzima, na bado ikabaki ya kuwaazima majirani.

Boksi alilinunua kwa Abdulrahmani, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme karibu na stendi ya Same, mtu ambaye angeweza kumuuzia samaki mwavuli.

"Na spika zake je?" Asheri aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua vitu.

"Spika ziko humo humo ndani, kijana wangu. Wewe masikio ulinunua kando? Si ulizaliwa nayo? Basi na hiki kimezaliwa na spika. Umeme upo, chomeka. Umeme hakuna, tia betri, piga. Chukua kwapani, nenda nacho popote. Sikiliza."

Abdulrahmani akabonyeza kitufe kimoja, na duka likajaa ngoma, zumari, gitaa na kitu kama harusi ya Wahindi. Vidole vyake vilitembea juu ya vitufe vyeupe na vyeusi kwa madaha makubwa. Muziki uliendelea vilevile hata alipoinua mikono yote miwili kupokea kikombe cha chai, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote isipokuwa mtu aliyekwisha kuamua kununua.

Asheri alishaamua. Kanisani kwao kulikuwa na kiti kitupu pembeni ya waimbaji wa besi, kiti cha mpiga kinanda, kilichowekwa pale miaka ile mchungaji fulani alipoahidi kinanda, kisha yeye akahamishwa na ahadi ikahama naye. Asheri alikitamani kiti kile kama wenzake wanavyotamani pikipiki. Alijiona amekaa pale, tai shingoni, kwaya nzima ikimsubiri yeye ndipo ifungue mdomo.

Alhamisi akakipeleka kinanda kwenye mazoezi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Mzee Melkizedeki, ambaye ndiye aliyekuwa akitoa sauti ya kuanzia kwa koo lake mwenyewe, baada ya kukohoa. Sauti hiyo ilitegemea amelala vipi na amekula nini. Kuna Jumapili wimbo ulianzia chini, besi wakawa wanaimba kama wanatafuta kitu kisimani. Kuna Jumapili ulianzia juu, sauti ya kwanza wakatoka ibadani wameshika shingo. Lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu kulalamika kungemfanya akohoe upya.

Asheri akaweka kinanda juu ya meza ya matangazo, akatia betri, akafungua sauti yote. Kwaya ikaimba. Ilipomaliza, Mzee Melkizedeki akamgeukia kwa upole.

"Haya, mwanangu. Sasa piga."

"Nimepiga, mwalimu."

"Umepiga? Umepiga saa ngapi?"

Kwaya ikaangua kicheko. Prisca wa sauti ya pili, msichana mwenye ulimi usiopumzika hata wakati wa sala, akasema, "Mimi nilisikia, mwalimu. Nilidhani mbu. Nilijipiga kofi."

"Ni chombo kizuri," Mzee Melkizedeki akasema, akikipapasa kinanda kama mtu anayepapasa mgonjwa asiye na matumaini. "Kitafaa sana mtoto akikataa kulala. Ila kwaya hii ina besi wanaoita ng'ombe wa kijiji cha pili bila kutoka kitandani. Siku kinanda chako kikisikika mpaka benchi la tatu, njoo uniambie. Kiti kile pale, hakijapata mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo Asheri akaitwa Mbu. Akipita dukani, watu wanajipiga makofi shingoni. Akiagiza soda, anaulizwa kama anataka damu.

Basi akaamua kufanya mazoezi kwa bidii, labda tatizo ni vidole. Nyumbani mama yake alimvumilia siku mbili, ya tatu akamtolea boksi nje.

"Kipeleke huko. Kuku wameacha kutaga."

"Mama, kuku hawana habari na muziki."

"Ndiyo maana nasema hicho si muziki. Wangeupenda."

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na jiwe kubwa, bapa, linalochungulia bonde. Asheri akalifanya studio. Alfajiri moja, kabla ya kwenda shambani, akakaa pale na kinanda mapajani. Ukungu ulikuwa umelala bondeni na hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha unyoya. Akaanza kupitia milio ya kinanda mmoja mmoja: piano, gitaa lenye mafua, filimbi, kundi la watu wanaosema "uuu" kama wameona nyoka. Kisha akafika kwenye mlio mmoja mzito, mpana, wenye kifua. Ulikuwa mlio wa pembe kabisa.

Sasa, Asheri hakujua wimbo wowote mpaka mwisho. Hiyo ni siri ambayo kila mtu aliijua. Vidole vilivyoachwa bila kazi vikatafuta kitu vinachokijua, na kitu ambacho kila mtoto wa milima ile anakijua kabla hajajua jina lake ni mlio wa msaragambo: miwili mifupi, mmoja mrefu unaopanda mwishoni kana kwamba unauliza swali.

Msaragambo, kwa wale mliozaliwa tambarare, ni ile kazi ya wote. Pembe likilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Huulizi ni kazi gani, utauliza ukishafika. Usipofika, hutapigwa wala kufungwa. Utasemwa tu, wewe na watoto wako, mpaka utamani kufungwa.

Asheri akapiga. Mlima wa ng'ambo ukaupokea ule mlio, ukauviringisha, ukaurudisha umenenepa. Nywele zikamsimama kwa raha. Hiki ndicho walichokiita mbu? Akapiga tena. Mara ya tatu akafumba macho kabisa, kichwa kikiyumba, kama alivyoona wapiga vinanda wa mjini wanavyofanya kwenye simu.

Alipoyafumbua, aliona taa zinawaka. Moja, nyingine, nyingine, mpaka mteremko mzima. Milango ikalia. Majembe yakagongana. Mzee mmoja akasikika akimfokea mkewe kuhusu kiatu cha pili. Na watu wakaanza kumiminika kwenye njia kuelekea chini, kwenye ndiva, lile bwawa la maji ya kumwagilia ambapo msaragambo hukusanyikia.

Raha yote ikamtoka.

Kupiga mlio wa msaragambo bila amri ya mwenyekiti si utani. Anayefanya hivyo hutoa beberu kwa wazee, na asiye na mbuzi huchukuliwa kitu chake chenye thamani ya mbuzi. Asheri hakuwa na mbuzi. Mbuzi wake alikuwa mapajani, ana vitufe vyeupe na vyeusi.

Aliingia ndani, akakisukuma kinanda uvunguni mwa kitanda, akakifunika kwa gunia la maharage, akachukua jembe, akakimbia kwenda kuitikia wito wake mwenyewe.

Pale ndiva watu walikuwa wamejaa, wanapiga miayo na kuulizana kazi ni ipi. Mwenyekiti wa kitongoji, Joshua, akatokea mbio, dawa ya meno mdomoni, shati nje ndani. Joshua alikuwa kiongozi wa aina ile ambayo haijawahi kutojua jambo.

"Mwenyekiti, leo kazi gani?"

Joshua akawatazama watu. Akatazama majembe. Akatazama ndiva, ambayo tope lilikuwa limeijaza mpaka vyura walikuwa wanatembea kwa miguu, na ambayo alikuwa ameahidi kuisafisha tangu kabla ya kuchaguliwa.

"Kazi gani?" akatema povu. "Macho mmeyaacha nyumbani? Si ndiva hiyo!"

"Lakini juzi si ulisema mpaka mvua zipite?"

"Ndiyo uongozi huo. Ukimwambia kila mtu, watu wanaugua mapema."

Asheri akapumua. Hakupumua sana, kwa sababu juu ya njia alikuwa anateremka Mzee Kaanaeli.

Mzee Kaanaeli ndiye mwenye pembe. Baba yake alilipiga, na babu yake pia, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuligusa. Tatizo ni kwamba meno ya mbele yalishamuaga mzee, na pumzi ilikuwa njiani kuyafuata. Mara ya mwisho pembe lilitoa sauti ya mtu anayepuliza chai. Nusu ya nyumba hazikusikia, na lawama zote zikamwangukia yeye. Sasa alikuwa anakuja amelibana pembe kwapani, uso umekunjamana, anahema hasira. Asheri alijua kinachofuata. Mzee angeuliza nani kathubutu, mwenyekiti angeumbuka, msako ungeanza nyumba kwa nyumba, na uvunguni mwake kulikuwa na gunia moja tu.

Mzee akafika, akasimama, akafungua mdomo.

"Shikamoo babu!" Prisca akamwahi. "Jamani, leo umeliliza! Mimi nimeanguka kitandani!"

"Marah..."

"Baba, pumzi imerudi!" akadakia mwingine. "Huku kwetu hata mbwa wamekaa kimya."

"Mara ya mwisho kulisikia hivyo nilikuwa sijaoa," mzee mmoja akasema, na akaonekana kuikumbuka siku hiyo kwa huzuni.

Watu wakampigia makofi. Mzee Kaanaeli akafunga mdomo. Akalitazama pembe lake kama mtu anayemtazama mtoto aliyefaulu mtihani ambao hakuufanya. Akawatazama watu. Hasira ilipanda mpaka kwenye nyusi, ikakaa hapo kidogo, ikaamua kushuka.

"Tangawizi," akasema.

"Tangawizi gani, mzee?"

"Ya kule Mamba. Nachemsha. Asubuhi na jioni."

"Ndiyo maana nikamwambia leo apige mapema," Joshua akaongeza haraka.

Wawili hao wakatazamana. Kila mmoja alijua mwenzake amedanganya, na hakuna aliyeweza kusema bila kujivua nguo yeye mwenyewe. Wakapeana mkono kwa heshima kubwa.

Kazi ikaanza. Asheri alichimba tope akiwa na haki ya kufurahi: mbuzi, yaani kinanda, kilikuwa salama. Lakini kila alipoinua jembe alisikia pembe la Kaanaeli hili, pembe la Kaanaeli lile, na moyo ukamuuma mahali asipopajua. Kinanda chake kilikuwa kimeamsha mlima mzima, na sifa inapewa tangawizi!

Angevumilia. Kweli angevumilia, kama Mzee Melkizedeki, aliyekuwa anachimba pembeni yake, asingenyoosha mgongo na kusema, "Unaona, Mbu, sauti inavyotakiwa iwe? Ungekuwa na kitu chenye mlio kama ule wa leo, kiti ningekubebea kichwani mpaka kwenu."

Jembe likamdondoka.

"Ni chenyewe, mwalimu."

"Chenyewe nini?"

"Ule mlio. Si pembe. Ni kinanda changu. Nilikuwa pale jiweni, nikapiga mimi. Mimi ndiye niliyewaita."

Majembe yakasimama hewani. Hata vyura waliacha kulia. Asheri akajua kwamba amekwisha. Akaona kinanda kinatolewa uvunguni, kinabebwa na wazee kama jeneza.

Kisha ndiva nzima ikalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alikaa kwenye tope kwa kukosa nguvu. Prisca alijifuta machozi kwa kiganja kichafu akajichora uso.

"Na ile mvua ya juzi, Asheri, ni wewe?"

"Mwacheni, jua limempata."

"Jua lenyewe halijatoka!"

Wasiocheka walikuwa wawili tu, Joshua na Mzee Kaanaeli. Joshua akakuta ghafla kuna kazi ya kusimamia upande wa mbali. Mzee Kaanaeli akabaki anamtazama Asheri kwa jicho moja.

Jioni, mama yake Asheri akiwa anakamua ng'ombe, mzee akabisha hodi, akakaribishwa, akakaa, akanywa maji, akasifu paa, akauliza habari za migomba. Alipohakikisha hakuna mwingine anayesikia, akasema, "Kilete."

Asheri akakitoa chini ya gunia. Akatafuta ule mlio, akapunguza sauti, akapiga. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ule mrefu unaukata mapema. Unauacha njiani. Uvute mpaka ufike ng'ambo, ndipo uuachie."

Asheri akauvuta.

"Hivyo." Mzee akainama, akakinusa kinanda. "Hakina mate, hakina roho, na kinanuka plastiki. Lakini hakichoki." Akavuta kigoda karibu. "Sikiliza. Wewe ulikosa, na beberu huna. Nikisema leo, kesho kinachukuliwa."

"Najua, babu."

"Na mimi nimeshasema tangawizi mbele ya watu. Siwezi kuirudisha. Kwa hiyo msaragambo ujao nitasimama pale penye jiwe langu na pembe langu mdomoni. Wewe utakuwa nyuma ya migomba yangu."

Asheri akaelewa. Akashangaa kwamba anaogopa kidogo na anafurahi sana.

"Na mimi nataka kiti," akasema.

"Kiti gani?"

"Cha kwaya. Babu ni mzee wa kanisa. Ukisema wewe, mwalimu hakatai."

Mzee Kaanaeli akafikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kiti utapata. Ila ukipiga kanisani kwa sauti ile ya jiweni, hata mjinga atajumlisha. Kanisani utapiga kidogo. Kidogo sana. Tumeelewana?"

Hayo ndiyo makubaliano yaliyompandisha Asheri kwenye kiti cha ndoto zake. Jumapili alikaa pale, tai shingoni, kinanda mbele yake, kitufe cha sauti kimeshushwa mpaka karibu na kuzima. Kwaya haikumsubiri. Mzee Melkizedeki alikohoa, akatoa sauti ya kuanzia, akaimbisha. Asheri alipiga wimbo mzima kwa vidole viwili, akijisikia yeye peke yake, na hapo ni kwa kuinamisha sikio. Benchi la kwanza lilidhani anasali.

"Unajitahidi," Prisca akamwambia nje baada ya ibada. "Leo sijajipiga kofi hata moja."

Asheri akatabasamu kwa unyenyekevu wa mtu mwenye bonde zima mfukoni.

Mvua zilipokata njia ya kwenda shule, mwenyekiti Joshua alitoa amri ya msaragambo, safari hii kwa kweli. Alfajiri Mzee Kaanaeli akasimama juu ya jiwe lake, mashavu yamevimba, kifua mbele, pembe limeelekea ng'ambo. Ukimwona ungesema anasukuma mlima. Nyuma ya migomba Asheri alikuwa amekiweka kinanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, betri mpya, sauti yote. Akapiga miwili mifupi. Akauvuta ule mrefu mpaka ukafika, akauachia kama alivyofundishwa.

Mlima ukarudisha. Na hapo, kwa sababu alikuwa na kiti asichosikika na sauti asiyoonekana nayo, vidole vikamponyoka. Akaongeza milio mitatu ya kwake, inayoshuka kwa kudunda, mizuri, aliyoitunga usiku akiwa kitandani. Juu ya jiwe mashavu ya Mzee Kaanaeli yakaishiwa upepo kwa mshtuko, kisha yakavimba tena haraka kuifuata.

Walipofika penye njia iliyokatika, Joshua alikuta watu wamekuja na majembe, na kila mmoja ana panga kiunoni.

"Mapanga ya nini?"

"Si pembe limesema?"

"Limesema nini?"

"Ile ya mwisho, mwenyekiti. Ile inayoshuka. Hiyo ni panga," mtu mmoja akaeleza, na wote wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutojua. "Au siyo, mzee?"

Mzee Kaanaeli akamtupia Asheri jicho ambalo lingekausha mahindi. Kisha akakohoa.

"Ndiyo. Panga. Ni ya zamani sana hiyo. Ninyi hamkuwepo."

"Ndivyo nilivyoagiza," Joshua akasema. "Hivi vichaka mnaviona au hamvioni?"

Vichaka vikaanza kukatwa. Mzee Melkizedeki akamgusa Asheri begani kwa mpini wa panga.

"Huo sasa ndio muziki, mwanangu. Mtu anapiga, watu wanaelewa. Siyo wewe, Jumapili nzima hatujui kama umeanza au umemaliza."

"Kweli kabisa, mwalimu," Asheri akasema, akainama kukata, asije akaonekana uso. Kichwani alikuwa ameshaanza kutunga milio mingine, mitatu au minne hivi, mitamu, yenye tumbo. Akiipatia vizuri, msaragambo ujao watu watakuja na sufuria za makande.